Jeshi la Akiba mkoani Kigoma

Jeshi la Akiba mkoani Kigoma ni sehemu ya mfumo wa ulinzi wa Tanzania inayohusu watu wenye mafunzo ya kijeshi ambao hawamo katika utumishi wa kila siku wa jeshi. Kwa maana ya kawaida jina hilo linataja mgambo, yaani wananchi waliofunzwa kijeshi wakabaki raia. Kwa maana pana zaidi akiba ya ulinzi inajumuisha pia wanajeshi waliomaliza muda wao na vijana waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Makala hii inaeleza jinsi mtu anavyotoka katika utumishi wa kijeshi na kuingia katika akiba na kazi za kiraia, hasa katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji na wilaya nyingine za mkoa huo ulioko kando ya Ziwa Tanganyika. Jambo la msingi katika mfumo huu ni kwamba akiba si ajira. Mtu wa akiba ana wajibu wa kuitika anapohitajiwa, lakini riziki yake huitafuta mahali pengine: katika ulinzi wa malindo, halmashauri, hifadhi, shamba, uvuvi au biashara.

## Istilahi

Majina yafuatayo huchanganywa mara nyingi katika mazungumzo, ingawa yana maana tofauti.

- Mwanajeshi ni askari au ofisa aliyeajiriwa. Katika ibara ya 147 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 neno hilo linamhusu aliyeajiriwa kwa masharti ya muda au ya kudumu katika Jeshi la Ulinzi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza au Jeshi la Kujenga Taifa.
- Kijana wa JKT ni yule aliye katika mafunzo au mkataba wa Jeshi la Kujenga Taifa. Wapo wa mujibu wa sheria, ambao ni wahitimu wa kidato cha sita, na wapo wa kujitolea.
- Mgambo ni raia aliyehitimu mafunzo ya Jeshi la Akiba katika wilaya yake. Neno hilo hutumika pia kwa askari wa halmashauri wanaosimamia sheria ndogo sokoni na stendi, kwa kuwa wengi wao huchukuliwa kutoka kundi hilo.
- Sungusungu ni ulinzi wa jadi wa kijiji au mtaa. Ulianza kuenea kati ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Si lazima mlinzi wa sungusungu awe na mafunzo ya kijeshi.
- Polisi msaidizi ni askari wa taasisi kama bandari au reli, mwenye mamlaka ya kipolisi ndani ya eneo la taasisi hiyo.
- Mlinzi ni mwajiriwa wa kampuni ya ulinzi. Hana mamlaka ya kijeshi hata kama zamani alikuwa mwanajeshi.

## Mazingira ya mkoa

Mkoa wa Kigoma uko magharibi mwa Tanzania. Unapakana na Burundi upande wa kaskazini, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika sensa ya mwaka 2022 ulihesabiwa kuwa na wakazi 2,470,967. Wilaya zake ni Kigoma, Kasulu, Kibondo, Buhigwe, Kakonko na Uvinza. Tatu za mwisho zilianzishwa mwaka 2012.

Mji wa Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Ujiji, mji wa kale wa biashara, uko kilomita chache kusini mwa bandari ya Kigoma, na miji hiyo miwili imeunganishwa katika manispaa moja. Mialo ya Kibirizi na Katonga hupokea mitumbwi ya dagaa na migebuka, pamoja na boti za abiria na mizigo.

Mpaka wa majini ni mrefu na hauna ukuta. Kwa sababu hiyo ulinzi wa mwambao hauwezi kuachiwa wanajeshi peke yao. Kijiji cha wavuvi ndicho huwa cha kwanza kuona boti ngeni, na mara nyingi ndicho kinachopata hasara ya kwanza pale majambazi wanapopora injini na nyavu ziwani.

Mkoa una vikosi vitatu vya JKT vinavyojulikana nchini kote: Bulombora (821 KJ), Kanembwa (824 KJ) katika eneo la Kakonko, na Mtabila (825 KJ) wilayani Kasulu. Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi hadi ilipofungwa mwezi Desemba 2012. Kila mwaka vijana kutoka mikoa mbalimbali hufika Kigoma kwa mafunzo, na vijana wa Kigoma hupelekwa pia kwenye vikosi vya mikoa mingine.

## Historia

### Wakati wa ukoloni

Reli ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliutumia mji huo kama kituo chao cha kijeshi ziwani. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mwishoni mwa Julai 1916 na kuendelea hadi Tabora, waliyoiteka mwezi Septemba mwaka huohuo. Wabelgiji walishika Kigoma na Ujiji hadi mwaka 1921, walipokabidhi eneo hilo kwa Waingereza. Meli ya Wajerumani *Graf von Götzen*, iliyozamishwa na mabaharia wake mwaka 1916, iliibuliwa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la *Liemba*, sasa ikiwa meli ya abiria na mizigo.

Chini ya Waingereza, Watanganyika walitumikia katika King's African Rifles (KAR), wakiwemo wale wa batalioni ya 6. Katika Vita vya Pili vya Dunia walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wengi waliachishwa na kurudi kwao. Waliobahatika walipata kazi zilizofanana na zile walizozizoea: upolisi, utarishi, udereva na ulinzi wa maghala. Wengine walirudi kwenye kilimo na uvuvi. Tangu wakati huo kazi ya ulinzi imekuwa mlango wa karibu zaidi kwa mtu anayevua sare.

### Baada ya uhuru

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vikosi vya KAR viligeuka kuwa Tanganyika Rifles. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito jijini Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Uasi ulienea hadi Tabora. Baada ya kuzimwa, jeshi hilo lilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaanzishwa tarehe 1 Septemba 1964.

Uasi huo ulibadilisha uhusiano kati ya jeshi na raia. Askari wapya walitafutwa miongoni mwa vijana wa chama cha TANU na wa JKT. Hivyo JKT ikawa lango la kuingilia jeshini, na pia mahali ambapo kijana alijifunza silaha kisha akarudi uraiani.

Mwezi Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, baada ya uvamizi wa Guinea mwaka 1970 na mapinduzi ya Idi Amin nchini Uganda mwezi Januari 1971. Mwongozo ulisisitiza kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya wananchi wote, na mafunzo ya mgambo yakaenezwa vijijini, viwandani na maofisini. Kwa watu wa Kigoma jambo hilo lilikuwa na maana ya moja kwa moja. Mwaka 1965 Che Guevara na wapiganaji kutoka Kuba walivuka ziwa kutokea Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne katika kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe. Vita vya jirani vilikuwa umbali wa safari ya usiku mmoja kwa boti.

### Vita vya Kagera

Majeshi ya Uganda yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, JWTZ lilikuwa na askari wanaokadiriwa kuwa chini ya 40,000. Katika muda mfupi idadi iliongezeka hadi zaidi ya 100,000 kwa kuwaita mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari wa magereza. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Vita hivyo vilikuwa jaribio kubwa kuliko yote la akiba ya Tanzania, na vilionyesha kwamba mfumo wa mgambo unaweza kulijaza jeshi kwa haraka. Upande wa pili wa jaribio ulikuwa mgumu zaidi: maelfu ya watu waliotoka vitani walipaswa kurudi mashambani na maofisini wakati uchumi wa nchi ukiwa umedhoofika. Silaha ndogo zilizozagaa baada ya vita zilichangia ujambazi wa miaka ya 1980.

### Kuanzia miaka ya 1990

Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994 kwa sababu za kifedha. Katika kipindi hichohicho Kigoma ilipokea wakimbizi wengi: kutoka Burundi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na kutoka Kongo kuanzia mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Silaha zilivuka mpaka pamoja na vita. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita barabara za Kasulu na Kibondo yalisindikizwa na askari polisi wenye bunduki. Mahitaji ya walinzi wenye mafunzo yaliongezeka katika vijiji, ofisi, maghala na mashirika.

Mafunzo ya mujibu wa sheria yalirudishwa mwaka 2013 chini ya Rais Jakaya Kikwete. Kuanzia hapo idadi ya vijana wanaotoka kambini kila mwaka iliongezeka, na pamoja nayo swali la nini kinafuata baada ya kambi.

## Msingi wa sheria

Ibara ya 28 ya Katiba inampa kila raia wajibu wa kulinda, kuhifadhi na kudumisha uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Ibara ya 147 inaipa Serikali peke yake haki ya kuunda jeshi la aina yoyote. Ibara ya 148 inamtaja Rais kama Amiri Jeshi Mkuu. Majeshi yenyewe yanaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966. Mgambo wana sheria yao iliyotungwa miaka ya 1970, ambayo inawaruhusu kukamata wahalifu katika mazingira maalumu. Marekebisho ya mwaka 1989 yaliwapa sungusungu nafasi ya kisheria.

Mtu anapotoka katika utumishi wa kudumu, hadhi yake kisheria hubadilika katika mambo yafuatayo:

- Mahakama. Mwanajeshi yuko chini ya kanuni za nidhamu za jeshi na anaweza kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Aliyeondoka hushtakiwa katika mahakama za kawaida kwa makosa anayoyatenda akiwa raia.
- Siasa. Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa ana haki ya kupiga kura. Akishatoka anaweza kujiunga na chama na kugombea uongozi.
- Sare. Mavazi ya kijeshi ni mali ya jeshi. Raia haruhusiwi kuyavaa, wala kuvaa yanayofanana nayo. Mwezi Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wananchi wenye mavazi hayo kuyasalimisha.
- Silaha. Ujuzi wa kutumia bunduki haumpi mtu haki ya kuimiliki. Umiliki unafuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.
- Kipato. Mshahara na posho za jeshi hukoma. Mafao hutegemea muda na masharti ya utumishi.

## Njia za kuingia katika akiba

### Mwanajeshi aliyemaliza utumishi

Mwanajeshi huondoka kwa kustaafu, kwa kumaliza mkataba, kwa sababu za kiafya au kwa kuachishwa. Anayestaafu kwa heshima hubaki na cheo chake kama jina la heshima, likifuatiwa na neno «mstaafu». Mtaani watu huendelea kumwita «afande», na viongozi wa mtaa humtafuta wanapounda kamati ya ulinzi. Wastaafu huonekana pamoja hadharani hasa katika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai.

### Kijana wa JKT

Kijana wa kujitolea hutumikia kwa mkataba wa miaka miwili. Katika muda huo hulipwa posho, si mshahara. Hujifunza kwata, silaha, uzalendo na stadi za kazi kama kilimo, ufugaji, useremala na uashi. Vyombo vya ulinzi na usalama, yaani JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto, huchukua sehemu ya askari wao wapya kutoka JKT. Wasiochaguliwa hurudi nyumbani mkataba unapokwisha.

Matangazo ya JKT ya miaka ya karibuni yanasema wazi kwamba jeshi hilo haliwaajiri vijana wala haliwatafutii ajira, bali linawaandaa wajitegemee. Hata hivyo vijana wengi hujiunga wakitumaini kuajiriwa.

### Raia anayejiunga na mgambo

Njia ya tatu haianzii jeshini. Raia mwenye umri wa kuanzia miaka 18 huomba kupitia ofisi ya kijiji, mtaa au kata, huchunguzwa tabia na afya, kisha huhudhuria mafunzo ya miezi minne hivi katika wilaya au kata yake. Masomo ni pamoja na kwata, matumizi ya silaha ndogo, ujanja wa porini, usomaji ramani, huduma ya kwanza, sheria, uzimaji moto na kupambana na rushwa. Walimu hutoka JWTZ, na maofisa wa Polisi, Uhamiaji, Zimamoto na TAKUKURU hualikwa kufundisha mada zao. Mwanafunzi halipwi mshahara, na mara nyingi huchangia sare na mahitaji yake. Mafunzo hufungwa kwa gwaride, na mgeni rasmi kwa kawaida huwa mkuu wa wilaya.

## Usimamizi

Kila mkoa na kila wilaya ina mshauri wa mgambo, ambaye ni mwanajeshi wa JWTZ. Yeye ndiye kiungo kati ya jeshi na raia: huendesha mafunzo, hutunza orodha ya wahitimu na kutoa ushauri pale mwajiri anapotafuta walinzi. Kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya iko chini ya mkuu wa wilaya, na ile ya mkoa iko chini ya mkuu wa mkoa. Vijiji vina kamati zao za ulinzi.

Kwa mtu aliyetoka kambini, ofisi ya mshauri wa mgambo ni mahali pa kwanza pa kujitambulisha anaporudi wilayani. Orodha hiyo ina umuhimu wa aina mbili. Serikali huitumia kujua nani anaweza kuitwa wakati wa dharura, na mhitimu huitegemea ili jina lake lifike kwa mwajiri.

## Kazi za kiraia zinazofuata

Malindo. Kazi inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ulinzi wa benki, maghala, vituo vya mafuta, shule na ofisi. SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la JKT lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, lina kampuni ya ulinzi inayochukua watu waliopitia JKT na mgambo. Zipo pia kampuni binafsi. Viongozi wa wilaya huwahimiza waajiri kuwapa nafasi wahitimu wa Jeshi la Akiba kabla ya watu wasio na mafunzo.

Halmashauri. Manispaa na halmashauri za wilaya huwatumia mgambo kusimamia usafi, ushuru, masoko na stendi. Katika mji wa Kigoma kazi hiyo huonekana hasa katika soko la Mwanga na kwenye mialo.

Bandari na reli. Bandari na stesheni hulindwa na polisi wasaidizi na walinzi wa kampuni. Kazi hii inahitaji mtu anayejua kukagua mizigo na kuandika taarifa.

Hifadhi. Hifadhi za taifa za Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, na Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, ziko kwenye mwambao wa ziwa. Askari wa uhifadhi siku hizi wamo katika mfumo wa jeshi usu, na mafunzo ya kijeshi humsaidia mwombaji. Vijiji navyo huwa na askari wanyamapori wao.

Ziwa. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) huangalia nyavu haramu na usalama wa mialo. Tangu mwaka 2024 Tanzania imekuwa ikisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na usimamizi wa katazo hilo unahitaji doria.

Kilimo. Mwezi Julai 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua mjini Kigoma kampeni ya kufufua zao la michikichi. JKT Bulombora na Gereza la Kwitanga vilipewa jukumu la kupanda na kuzalisha miche, na kituo cha utafiti cha TARI kikaanzishwa Kihinga. Kijana aliyejifunza kutunza kitalu cha michikichi kambini anaweza kuutumia ujuzi huo katika shamba lake, kwa kuwa mawese yana soko la kudumu mkoani.

## Mabadiliko ya maisha na ya kazi

Ingawa kazi nyingi za akiba zinafanana na za jeshi kwa nje, namna ya kuzifanya ni tofauti. Jeshini askari anatii amri, analala kambini, anakula mezini na kuvaa sare aliyopewa. Katika lindo la kiraia hufanya kazi kwa mkataba, hujilipia pango na nauli, na mwajiri anaweza kumwachisha kwa kufuata sheria za kazi. Mwajiriwa huyo ana haki ya kupewa mkataba wa maandishi, kuandikishwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii na kulipwa si chini ya kima cha chini cha sekta yake.

Tofauti kubwa zaidi ni matumizi ya nguvu. Mwanajeshi amefunzwa kumkabili adui. Mgambo wa sokoni anamkabili mama anayeuza dagaa nje ya eneo lililotengwa, na mama huyo ni raia mwenye haki zote. Ndiyo maana somo la sheria limo katika mafunzo ya mgambo: ukamataji, ukomo wa nguvu na wajibu wa kumfikisha mtuhumiwa polisi. Katika miji mingi ya Tanzania mgambo wamelaumiwa kwa kuwapiga wafanyabiashara wadogo na kuchukua bidhaa zao. Lawama hizo humwangukia pia mgambo aliyefuata sheria, na huharibu imani ambayo ulinzi wa wananchi unaitegemea.

Mtu aliyerudi kutoka jeshini hulazimika pia kujifunza kueleza ujuzi wake kwa lugha ya kiraia. Dereva, fundi wa injini za boti, mpishi, mwuguzi au karani wa jeshi ana ujuzi unaotafutwa bandarini, hospitalini na kwenye vyombo vya majini. Mara nyingi huhitaji cheti cha VETA au leseni ya kiraia ili ujuzi huo utambuliwe.

## Changamoto

- Matarajio ya ajira. Mwezi Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, Jenerali Venance Mabeyo, alieleza mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan kwamba vijana zaidi ya 800 wa JKT walikuwa wameachishwa kwa kosa la kuasi. Vijana hao walikuwa wameshiriki kazi za ujenzi na walikuwa wakidai ajira jeshini. Tukio hilo lilionyesha ukubwa wa pengo kati ya matumaini ya vijana na nafasi zilizopo.
- Nafasi chache. Walinzi wengi wa Kigoma hufanya kazi mjini au karibu na miradi. Vijiji vya mwambao wa kusini, ambako usafiri mkuu ni boti, vina mahitaji ya ulinzi lakini havina fedha za kulipa mishahara.
- Kazi ya kujitolea. Kijiji kinaweza kumwita mgambo kwa doria ya usiku bila malipo. Mwenye familia hushindwa kuendelea kwa muda mrefu, na orodha ya akiba hubaki na majina ya watu waliokwisha kuhamia mikoa mingine.
- Usalama. Mtu anayejua silaha na asiye na kipato anaweza kushawishiwa na wahalifu. Katika mkoa wa mpakani hatari hiyo huchukuliwa kwa uzito, na ni sababu mojawapo ya kuchunguza tabia za waombaji kabla ya mafunzo.
- Utapeli. Matangazo ya uongo ya nafasi za JKT, JWTZ na kampuni za ulinzi huwalenga hasa vijana waliotoka kambini. Jeshi limetahadharisha mara kadhaa kwamba nafasi zake haziuzwi.

## Kulinganisha na nchi nyingine

Nchini Rwanda akiba ni sehemu rasmi ya jeshi la taifa, na askari wake hujulikana kwa jina la Inkeragutabara. Wengi wao ni wanajeshi wa zamani, na hushiriki pia katika ujenzi na kilimo. Uganda ina vikosi vya akiba na walinzi wa maeneo walio chini ya jeshi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipitisha sheria ya akiba ya jeshi mwaka 2023, wakati wa vita vya Kivu Kaskazini.

Katika nchi nyingine akiba inaweza kuwa ajira kamili. Nchini Marekani askari wengi wa National Guard wana kazi za kiraia na hufanya mazoezi wikendi moja kwa mwezi pamoja na majuma mawili kwa mwaka. Lakini wapo pia wanaofanya kazi za akiba kila siku: mafundi na makarani ambao ni waajiriwa wa kiraia na papo hapo ni askari wa kikosi kilekile. Sheria ya mwaka 1994 inamlazimisha mwajiri kumrudishia kazi yake mtu aliyeitwa jeshini. Uingereza nayo ina utaratibu wa kuwaajiri askari wa akiba kwa muda wote.

Mfumo wa Tanzania unatofautiana na hiyo kwa kuwa umejengwa juu ya wazo la wananchi wote kuwa walinzi. Faida yake ni upana: mtu wa akiba anaweza kupatikana karibu kila kijiji kwa gharama ndogo. Udhaifu wake ni kwamba gharama hiyo ndogo hubebwa na mtu mwenyewe, kwa muda wake na kwa kipato anachokikosa akiwa doria.

## Tazama pia

- Jeshi la Wananchi wa Tanzania
- Jeshi la Kujenga Taifa
- Sungusungu
- Vita vya Kagera
- Mkoa wa Kigoma
- Ziwa Tanganyika